Rangi Ikiwa Hai

Tarehe 3 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta una nafuu, na kwamba muuguzi wako bado anakuja asubuhi na jioni na bado mnagombana kuhusu dirisha. Sisi huku tu wazima. Mama mgongo unamsumbua, lakini halalamiki. Cherehani yake inalia toka asubuhi kama kawaida. Nakuandikia kwa sababu simu na hilo sikio lako imeshindikana. Mara ya mwisho nilikuuliza umelalaje, ukanijibu kwamba umeshawapa paka chakula.

Nina swali la kazi. Unajua hapa chuoni wamenipa kazi ya kupiga picha kila karatasi katika kile chumba cha mimea mikavu ulichokitunza miaka yote ile. Nimefika kabati la kumi na saba. Dari pale ilivuja masika iliyopita, unyevu ukaingia, na gundi ya zamani imeanza kuachia. Juzi nilikuwa nimeshika karatasi ya kifauongo, lebo yake ikadondoka mezani. Ni ile lebo ya mashine ya chapa, yenye mahali, tarehe, jina la mchumaji na ule mstari wa mwisho: Rangi ikiwa hai. Pameandikwa neno moja tu, "waridi."

Chini yake palikuwa na lebo nyingine, ya penseli. Kwenye mstari huohuo wa rangi imeandikwa:

"Ya fizi za mtoto anayeota jino la kwanza. Ukiyagusa majani yanalala, lakini ua halilali. Ua linakutazama."

Nikacheka peke yangu, maana hilo ni shairi la tisa katika kitabu chako. Nani hakulikariri shuleni? Lakini mwandiko si wako, mjomba. Ni wa mama. Naujua kwa sababu nimekua nikiusoma kwenye makopo yake ya nyuzi. Mafundi wengine wanaandika "kijani." Mama anaandika "kijani cha chura aliyesahau mvua."

Nikadhani labda ulikuwa unamtajia yeye anaandika. Jioni nikamuuliza. Hakuinua hata mguu kwenye pedali. Alisema, "Muulize mjomba wako. Yeye ndiye mwandishi."

Basi nakuuliza. Mama alifanya kazi humu? Lini? Mbona sijawahi kuambiwa?

Mpwa wako


Tarehe 14 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, mara nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani sahihi. Hali yangu ni ile ile, maana yake inashuka polepole kwa adabu. Miguu imevimba. Muuguzi anasema hewa ya dirishani inaniumiza, mimi nasema ndiyo inayoniweka, na tumekubaliana kulifungua nusu, kwa hiyo kila mmoja anaona ameshindwa.

Ndiyo, mama yako alifanya kazi pale. Mimi ndiye niliyemwingiza. Alikuwa amemaliza shule, nafasi ya kuendelea hakupata, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wetu sote. Alikaa miaka mitatu, hadi alipoolewa na baba yako na kuhamia mbali; huko mliko mlirudi baadaye, mimi nikiwa nimeshastaafu na kuondoka. Kazi yake ilikuwa kutoka alfajiri, kuchuma, kupanga ua katikati ya magazeti, kukaza mbao kwa mikanda, na kuandika lebo ya kwanza.

Ule mstari wa rangi unaujua una maana gani. Ua likikauka linasahau. La bluu linakuwa kahawia, la zambarau linakuwa jivu. Atakayelifungua miaka mia baadaye hana shahidi mwingine isipokuwa yule aliyeliona likiwa hai. Kwa hiyo unamwandikia yeye.

Wakati ule mkubwa wetu alikuwa mtu mmoja mnyoofu sana, tulimwita Bwana Neno-Moja. Siku alipokagua kabati alisimama na lebo mkononi kama ameshika mende. "Rangi," alisema, "ni neno moja. Nyekundu. Nyeupe. Hapa tunafuga mimea au tunafuga hadithi?" Akaamuru lebo zote za mkono zibadilishwe. Nikapiga chapa mpya, na badala ya kuzibandua zile za zamani nikabandika juu yake. Sijui kwa nini. Labda uvivu.

Nakuomba usitumie mvuke wa birika kubandua zilizobaki. Karatasi ya chini itajikunja. Ziache ziachie zenyewe. Zimeachia ngapi mpaka sasa?

Msalimie mama yako, kama atapokea.

Mjomba wako


Tarehe 22 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Vipi miguu? Nimemuuliza daktari wa chuo, anasema uiweke juu ya mto wakati umekaa, si wakati umelala tu. Huku tuko salama. Salamu zako nimezifikisha. Mama alisema "Haya," na akakata uzi kwa meno.

Zimeachia sita. Mvuke sijatumia, ingawa birika liko hatua tatu kutoka mezani kwangu na mkono unaniwasha.

Nimezilinganisha na kitabu chako. Zote sita zimo, neno kwa neno. Tofauti ni kwamba kitabuni umezikata mistari. Ile ya mchunga: "Manjano ya mtu anayecheka peke yake njiani." Ile ya kishona nguo: "Nyeupe pembeni, njano katikati, kama yai la mtu mwenye haraka. Sikulichuma. Limenifuata nyumbani kwenye sketi." Mjomba, wewe hujawahi kuvaa sketi. Tulisoma shairi lile darasani na mwalimu alituambia kwamba hapo mshairi amejifanya mwanamke ili kuonyesha unyenyekevu wa ua. Tukaandika hivyo kwenye mtihani.

Kuna jingine. Penseli ya mama ina makosa. Kwenye lebo ya ua la bluu la ukutani ameandika "bluu ya mbingu," akakata. Akaandika "bluu ya wino," akakata. Kisha: "Bluu ya mshipa, upande wa ndani wa mkono, pale daktari anapotafuta." Mtu anayetajiwa maneno na mwingine hakati hivyo. Hivyo anakata mtu anayetafuta.

Na kwenye kona ya lebo ya tano, kwa herufi ndogo: "Saa kumi na mbili na robo. Kaka hajafika."

Juzi mchapishaji alipiga simu hapa chuoni. Wanataka kutoa chapa mpya ya kitabu, yenye picha za karatasi hizi hizi, na wanasubiri saini yako kabla ya katikati ya Mei. Picha nitapiga mimi. Kwa hiyo nauliza kwa heshima zote, na siulizi ili nikushike: nani aliyaandika maneno haya?

Mpwa wako


Tarehe 30 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kimya. Wiki tatu nilikuwa hospitali; maji yaliingia kwenye mapafu, wakayatoa, yakarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli. Sasa niko nyumbani, kwenye kiti, miguu juu ya mto kama ulivyoagiza. Daktari ni kijana mpole. Nilimuuliza kama nitaona mwaka mpya akaanza kunieleza jinsi dawa inavyofanya kazi. Nikamwambia nimeelewa.

Sitasema kwamba kimya kilikuwa cha hospitali tu. Barua yako ilifika kabla sijalazwa. Nilikuwa na siku nne za kuijibu.

Maneno ni ya mama yako. Yote, isipokuwa shairi moja, na hilo nitalieleza.

Ilikuwa hivi. Bwana Neno-Moja alipoamuru lebo zibadilishwe, mama yako alikuwa ameshaolewa na kuondoka, miezi miwili tu. Nikaona haya kuzifunika bila kuweka kumbukumbu, kwa hiyo kila lebo niliyoifunika niliinakili kwanza kwenye daftari. Zile fupi za kawaida niliziacha. Zile nyingine zilikuwa arobaini. Naapa wakati huo sikuwa na nia yoyote. Nilikuwa nazinakili kama mtu anavyokunja nguo za aliyesafiri.

Lazima ujue pia kwamba mimi ndiye niliyekuwa naandika mashairi. Tangu shule. Yenye vina, mizani, kila kitu mahali pake, na yote yamekufa kabla ya ubeti wa pili. Nilikuwa nayo makasha mawili. Ilikuwa siri ambayo kila mtu aliijua.

Siku moja akaja mhariri wa jarida kuandika habari za chuo. Akakaa mezani kwangu kunisubiri, daftari likiwa wazi. Nilipoingia alikuwa anasoma huku ameacha chai ikapoa. Akauliza, "Umeandika wewe?" Nikamjibu, "Mwandiko ni wangu." Hilo ndilo lilikuwa jibu langu, mpwa wangu. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, nilijua kujibu swali jirani na lile lililoulizwa. Akasema, "Haya ni mashairi." Na ninakuambia ukweli, mpaka dakika ile mimi sikuwa nimeliona hilo. Miaka mitatu dada yangu ameketi mita mbili kutoka kwangu anaandika vile, na mimi natafuta vina.

Yakatoka matano kwenye jarida. Nikaandika barua kwa mama yako kumweleza. Sikuituma; nilitaka kuirekebisha sentensi moja. Kisha mchapishaji akataka kitabu. Nikasema nitamweleza kitabu kikitoka, nimshangaze. Kikatoka. Nikampelekea nakala ya kwanza kabisa, na ukurasa wa mbele nikaandika kwa mkono: "Kwa dada yangu, aliyekuwa mchumaji." Nilifikiri nimempa heshima. Ukitaka kujua mtu anaweza kujidanganya kiasi gani, soma maneno hayo tena.

Hakujibu. Tangu hapo tumeonana kwenye misiba na harusi, akinipa mkono na kuniuliza safari ilikuwaje. Hajawahi kukanyaga kwangu. Wewe ulikuja kila likizo na hukuwahi kuuliza kwa nini unaletwa na baba yako.

Sasa kuhusu lile moja. Mchapishaji alipokea arobaini, na mimi sikutaka niwe mwizi mtupu. Nilitaka angalau moja liwe langu, lijifiche katikati ya yake, nione kama mtu atalitambua. Nikaliandika kwa namna yake. Ni la arobaini na moja lakini halikuwekwa mwisho. Hakuna aliyewahi kugundua, na katika hilo nilipata furaha ambayo hadi leo inanitia aibu.

Ninachotaka ni hiki. Jina la mama yako liwe juu ya jalada, langu liondoke. Lakini siwezi kumwandika mtu kwenye jalada bila ridhaa yake kwa mara ya pili. Msomee barua hii. Mimi nimejaribu kumwandikia yeye mara tatu wiki hii na kila mara najikuta narekebisha sentensi.

Mjomba wako


Tarehe 6 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nafurahi umetoka hospitali. Pole kwa yote.

Nilikaa na barua yako siku mbili kwenye mkoba. Kuna wakati nilikuwa nimekasirika hata nikapitiliza mlango wa ofisi. Halafu, na ninasema hili kwa aibu, udadisi ukanishika kuliko hasira. Nimekisoma kitabu tena usiku na mchana kutafuta lako.

Sijamsomea mama bado. Cherehani ina sare za shule za wanafunzi wote wa mtaa na ana wiki moja ya kuzimaliza. Najua ni kisingizio. Naona nimerithi kwako.

Nakisia ni la ishirini na mbili. "Nyeupe. Nyeupe tu. Leo sina la kuongeza." Limepwaya, halina chochote, limejificha kati ya mawili mazuri. Nimepata?

Ninalolipenda kuliko yote ni lile la thelathini na tatu, la ua la pampu. Hilo nilikuwa nalo moyoni nilipoamua kusomea mimea:

"Manjano ya barua ya zamani
iliyokunjwa mara nne
na kufunguliwa mara moja."

Nikiwa na miaka kumi na tano nilidhani mtu aliyeandika hivyo anaweza kuona chochote duniani. Sasa najua alikuwa chumba cha pili, anapinda suruali.

Mpwa wako


Tarehe 12 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimecheka hadi muuguzi akaja kuangalia. La ishirini na mbili ni la mama yako, siku aliyokuwa na jino bovu. Alirudi amevimba shavu, akaandika hivyo, akaenda kung'olewa. Usimwambie umelidharau.

Sitakuambia ni lipi. Nikikuambia utalitazama kwa jicho jingine, na mimi bado nina kiburi kidogo kilichobaki, ninakitumia kwa uangalifu.

Lakini msomee. Mchapishaji ana tarehe yake na mimi nina yangu, na yangu hawajaniambia.

Mjomba wako


Tarehe 20 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini unapumua vizuri na dirisha liko nusu.

Nimemsomea. Jumapili, baada ya kufagia mabaki ya vitambaa. Nilimwambia, "Mama, mjomba ameandika, na ni yako." Akasema, "Kama ni yangu mbona bahasha ina jina lako?" Lakini akaondoa mguu kwenye pedali. Nilisoma yote, hata zile sehemu nilizotaka kuruka. Alikuwa anapanga vifungo, vyeusi huku, vyeusi zaidi kule. Nilipofika kwenye "aliyekuwa mchumaji" akasema, "Hapo rudia." Nikarudia.

Akasukuma vifungo pembeni. Kisha akasema, "Nilisubiri barua. Sikutaka kitabu, nilitaka barua. Wiki ya kwanza nilikuwa naenda posta mwenyewe. Baadaye kusubiri kukawa kama huu mgongo, unauzoea, unafanya nao kazi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. "Niseme nini? Kwamba zile lebo ni zangu? Angenijibu kwamba lebo ni za chuo. Na mimi sikujua kama ni mashairi. Niliandika rangi. Nilijua tu kwamba nilizitafuta, na kwamba kuzitafuta kulinichosha kuliko kuchuma."

Halafu akainama chini ya cherehani. Mjomba, unakumbuka cherehani yetu, ule mguu wa nyuma wa kushoto uliokatika? Tangu nina akili chini ya ule mguu pana kitu kimefungwa kwa nailoni, kinene kama kipande cha ubao. Nimefagia kukizunguka maisha yangu yote. Alikichomoa, akafungua nailoni, na kilikuwa ni kitabu chako, nakala ya kwanza, safi kabisa isipokuwa shimo la mguu kwenye jalada, juu ya jina lako. "Kilikuwa na kimo sahihi," alisema.

Akaniambia, "Sasa nisomee hayo arobaini na moja, nikuonyeshe lake." Nikaanza. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, mengine anamalizia mwenyewe kabla yangu, na kwenye la ishirini na mbili akashika shavu. Nilipofika la thelathini na tatu, mstari wa kwanza tu, akacheka. Sijawahi kumsikia anacheka vile.

"Hilo lake."

Nikabisha. Nikamwambia hilo ndilo zuri kuliko yote.

"Shairi zuri. Sikatai. Lakini ua la pampu ni jeupe. Linafungua kabla jua halijapata nguvu, saa tatu limeshafunga, na ukilikausha ndiyo linakuwa manjano. Mimi nililichuma wiki yangu ya mwisho, nikalibana kwenye mbao, nikaondoka kabla sijaandika lebo. Yeye alilitoa gazetini likiwa limekauka. Mjomba wako alikuwa anafika kazini saa tatu. Kaandika rangi ya maiti."

Kesho yake niliamka alfajiri nikaenda chuoni. Ile pampu ya maji iliyotajwa kwenye lebo, mahali lilipochumwa, imeondolewa, lakini mfereji bado unavuja nyuma ya banda la kuoshea magari. Lilikuwepo. Nilikuwa nimelipita miaka kumi na miwili, kila siku, saa mbili na nusu, likiwa limejifunga. Ni jeupe, mjomba. Nilichuchumaa pale na kalamu yangu na sikupata hata neno la kuongeza.

Majibu ya mama ni haya, nimeyaandika kama alivyoyasema. Jina lake liwekwe. La thelathini na tatu lisitolewe wala lisisahihishwe. Chini yake liandikwe jina lako, na rangi yako ibaki manjano. Na neno "mchumaji" asilione tena karibu na jina lake.

Nilimuuliza kama kuna kingine cha kukuandikia. Akasema hapana, kingine atakileta mwenyewe. Amelichimbua ua pamoja na udongo wake, liko kwenye kopo la maziwa ya unga, na amesimamisha kushona kwa wiki moja. Anafika kwako Ijumaa. Sare za shule zimekabidhiwa zote.

Cherehani sasa inayumba. Nimeweka tofali, lakini halina kimo sahihi.

Mpwa wako


Tarehe 2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nakuandikia kwa siku tatu, mistari michache kila siku, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka usidhani ni bahasha iliyobanwa. Dada yangu amekaa hapa kwenye kiti cha muuguzi, anapinda upya mapazia yangu ambayo anasema yalishonwa na mtu aliyekuwa na ugomvi na kitambaa. Muuguzi anamwogopa. Dirisha liko wazi lote.

Alipoingia Ijumaa alisimama mlangoni na kopo kifuani. Akasema, "Umekwisha." Nikamwambia, "Na wewe umenenepa." Akaingia.

Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu hospitali. Nilipomaliza akaniambia nirudie, kwa sababu sikio bovu ni langu si lake, na nilikuwa nanong'ona. Nikarudia kwa sauti, muuguzi akiwa jikoni anasikia kila kitu. Ya pili ilikuwa fupi na nadhani ilikuwa bora. Hakusema amenisamehe. Aliuliza sukari inakaa wapi.

Jumamosi kopo lilikuwa dirishani na mimi nikaamka saa tatu na robo. Limefunga. Nikamuuliza kwa nini hakuniamsha. "Nilitaka kuona kama umebadilika," alisema. Jumapili hivyo hivyo. Dawa hizi zinanilaza kama gunia. Jumatatu alinifinya kidole cha mguu hadi nikapiga kelele. Kulikuwa kunapambazuka. Aliniweka mito mgongoni, akanigeuza kichwa kwa mikono miwili kama anavyogeuza kola, tukatazama kopo.

Nilikuwa nimefikiri litafunguka mara moja. Kumbe linasita. Petali moja inatoka, inasubiri, kana kwamba inauliza zingine kama ni salama. Ilichukua karibu nusu saa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba nilipoandika kuhusu ua hili, na nina sabini na tisa, na kumbe hatukuwa tumewahi kukutana.

Barua ya mchapishaji nimeisaini jana. Jalada litakuwa na jina la mama yako peke yake. Lile sharti la shairi la thelathini na tatu nilitaka kulikataa. Nilisema aibu hiyo itolewe. Akasema, "Liache. Watu wanalipenda. Ila wajue ni nani aliyechelewa." Makasha yangu mawili ya mashairi muuguzi ameniuliza ayafanye nini. Dada amechukua moja ili alijaribu chini ya mguu wa meza.

Ninakutumia lebo. Nimeiandika mwenyewe kwa penseli, kwa mwandiko huu ulionisaliti, na naomba uiweke kabati la kumi na saba kwenye karatasi ya ua la pampu, juu ya ile yangu ya chapa. Usiifunike. Kwenye mstari wa mwisho niliandika neno moja, nikataka kuendelea. Nilikuwa nimeanza kutafuta, penseli iko hewani. Dada akaliegemea bega langu, akasoma, akasema, "Acha hapo."

Mjomba wako


Jina: Ua la pampu

Mahali: Dirishani, kwenye kopo

Saa: Kumi na mbili na nusu asubuhi. Kaka amefika

Mchumaji: Hakuna. Halikuchumwa

Rangi ikiwa hai: Nyeupe